Ludi Usiludi Nakungoja

Tasripah alitoka kwenye kisomo cha watu wazima kabla herufi R haijafundishwa. Mwalimu aliyeletwa na serikali aliiweka mwisho kabisa, akasema watu wa pwani ya Rembang wanaijua ulimini tangu wakiwa watoto wachanga, haina haraka. Kabla mwisho haujafika jua likakaza, maji yakakauka kwenye mashamba ya chumvi, na wanawake wote wakarudi kukwangua chumvi. Mwalimu akakaa na ubao wake peke yake, akachoka, akaondoka. Tasripah hakuona hasara yoyote. Penye R alitia L na maisha yakaendelea. Jina lake aliandika Taslipah, na karani wa kijiji alipomcheka alimuuliza, "Wewe ulipolisoma ulijua ni mimi au hukujua?"

"Nilijua, Yu."

"Basi limeandikwa sawa."

Yu ndivyo wanavyomwita mwanamke mkubwa kiumri, na Tasripah aliitwa Yu mapema kuliko wenzake, kwa sababu ya ile shingo yake. Hakuwahi kuinamisha shingo. Hata akibeba kikapu cha chumvi, kinachowapinda wanaume, yeye alitembea kama amebeba hewa.

Mumewe, Kasmuri, ambaye yeye alimwita Mas kama wake wa huko wawaitavyo waume zao, alikuwa dereva wa lori la chumvi. Alilipakia kijijini akalipeleka Tuban, pengine Surabaya, akarudi na kulala nyumbani siku mbili tatu, akaondoka tena. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa Lasem. Sasa, kwa madereva wa barabara ile ya pwani kuna desturi ambayo hakuna tajiri anayethubutu kuigusa: kichwa cha lori ni cha mwenye mali, huko ataandika jina la kampuni yake au la mama yake apendavyo, lakini ubao wa nyuma ni wa nyumba ya dereva. Wanaomfuata barabarani wanasoma pale ametoka kwa nani. Mmoja aliandika DUWA YA MAMA. Mwingine aliyechoshwa na mkewe aliandika WIVU WAKO DIZELI YANGU, na mkewe akaja na kopo la rangi nyeusi akaufuta WIVU WAKO, dereva akatembea mwaka mzima na DIZELI YANGU tu.

Mpaka rangi wao alikuwa Pak Sarbini, mzee mkavu mwenye vidole vya buluu, aliyekuwa na banda lake kando ya barabara. Naye alikuwa na sheria yake. Mwenye maneno aje mwenyewe, ashike chaki, aandike kwenye ubao kwa mkono wake. Sarbini atafuata mle mle ilimopita chaki, atatia rangi na kivuli na maua pembeni, lakini hataongeza herufi wala kupunguza. Walimu wa shule walipita wakamwambia, "Pak, pale umekosea." Akawajibu, "Mimi natia rangi, sitii akili." Tena maneno yakishapakwa, hayafutwi kwa amri ya dereva wala ya tajiri. Aliyeyaandika ndiye anayekuja kuyafuta.

Kasmuri alipopewa lori jipya alimpeleka mkewe pale. Walikuwa bado wachanga katika ndoa, na Kasmuri alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye meno mazuri na mkono mwepesi wa kumshika mtu begani.

"Andika wewe," akamwambia. "Kila nikifunga ubao huu nikuone."

Tasripah akashika chaki, akafikiri kidogo, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama yeye:

LUDI USILUDI NAKUNGOJA

Sarbini alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapaka mashapo ya kahawa kwenye sigara yake kwa njiti, kama wafanyavyo wanaume wa Lasem, mistari na vitone mpaka sigara ikawa kama kitambaa cha batiki. Akatazama ubao.

"Maneno makubwa hayo, Yu. Usirudi pia unangoja?"

"Nimeandika nini?"

"Umeandika hivyo."

"Basi shika brashi."

Yakapakwa kwa manjano juu ya buluu. Na lori likawa na jina. Hakuna aliyeliita kwa namba. Kwenye vibanda vya kahawa kuanzia Lasem mpaka mbele ya Tuban walisema, "Ludi-Usiludi amepita asubuhi," "Ludi-Usiludi kapasua gurudumu." Madereva wengine wakipita mbele ya nyumba ya Tasripah walipiga honi na kupaza sauti, "Bado unangoja, Yu?" Naye hujibu kutoka jikoni, "Nani kakwambia nimechoka!" Walicheka, naye alicheka. Hawakujaliwa mtoto. Yale maneno yakawa ndiyo kitu walichozaa pamoja, kikitembea barabarani na kusalimiwa na watu.

Miaka ikapita hivyo. Kisha ukaja ule wimbo.

Ulianzia sokoni, kwa muuza kaseti aliyekuwa na spika kubwa kuliko banda lake. Mwanamke mmoja wa upande wa Tuban, Titin Kenanga kwa jina la jukwaani, alikuwa ameutoa pamoja na kikundi chake cha kinanda na ngoma. Jina la wimbo lilikuwa limeandikwa kwenye jalada hivyo hivyo, Ludi Usiludi Nakungoja, na hakuna mnunuzi aliyeshangaa. Majina ya nyimbo katika kaseti zile huandikwa kama mdomo unavyosema, na hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu wimbo umeandikwa sawasawa. Ulikuwa wimbo mzuri, hilo lazima lisemwe. Mwanamke anakaa kando ya barabara, anasikia kila lori linalopunguza mwendo, anaweka maji ya kahawa motoni, lori halisimami, anayatoa, anayaweka tena.

Watu walimkimbilia Tasripah. "Yu! Maneno yako yanaimbwa!"

Alikwenda sokoni akasimama mbele ya lile banda, shingo juu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudisha mwanzo." Muuza kaseti akarudisha. Siku ile Tasripah alirudi nyumbani kwa njia ndefu, inayopita kwenye nyumba nyingi.

Kasmuri alipokuja, alimwekea samaki wa kuoka na sambal ya pilipili za kusaga, akangoja amalize kula.

"Nani aliwapa?"

"Nani kawapa nini?"

"Maneno yangu. Yule Titin."

Kasmuri akatafuta mwiba kinywani kwa ulimi. "Ah, watu wa kaseti hao. Wanaona kitu barabarani, wanachukua. Ubao uko wazi, kila mtu anasoma."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Umekuwa maarufu." Akamshika begani, kama zamani.

Tasripah akaridhika. Sivyo tu, akajivuna. Alinunua kaseti, naye hana cha kuichezea, akaiweka kwenye rafu karibu na mswala. Kila jioni aliipeleka kibandani kwa jirani yake Kunarsih, mwenye redio ya kaseti, wakaisikiliza huku wanachambua pilipili. Kunarsih alikuwa rafiki yake tangu utotoni, waliingia pamoja kwenye chumvi, wakatoka pamoja kwenye kisomo. Mumewe, Rasban, naye alikuwa dereva, wa njia ile ile.

"Wewe husemi kitu juu ya wimbo," Tasripah alimwambia siku moja.

"Niseme nini? Ni mzuri."

"Mbona unasema kama unameza dawa?"

"Pilipili, Yu. Imeniingia puani."

Ikafika zamu ya Kunarsih kuoza binti yake. Harusi ya pwani bila kinanda na mwimbaji ni mazishi yenye wali, kwa hiyo wakakaa kuchagua kikundi. Rasban alitaka kile cha Rembang mjini. Kunarsih naye akasema Rembang, Rembang wanatosha, wanapiga vizuri. Tasripah akajipiga kofi gotini.

"Rembang! Wale wenye kinanda kinachokohoa? Mleteni Titin Kenanga. Aje auimbe wimbo wangu hapa hapa kijijini kwangu. Binti yako ni binti yangu, Kunarsih. Mimi sina wa kuoza. Nipe hilo moja."

Kunarsih akamtazama mumewe. Rasban akatazama sandali zake.

"Yuko mbali, Yu," Kunarsih akasema.

"Tuban ndiyo mbali? Mume wangu huenda Tuban akarudi na kahawa bado ya moto."

Tasripah alipotaka kitu, kijiji kilijua mwisho wake. Alikwenda mwenyewe kwa wazee wa upande wa bwana harusi, akawashawishi, wakakubali. Titin Kenanga akaletwa.

Kasmuri hakuwepo. Alituma salamu kwamba ana shehena ya Surabaya ambayo haiwezi kungoja.

Siku moja kabla ya harusi, wanawake wote walikuwa nyuma ya nyumba ya Kunarsih wakisaidia kupika, kama desturi. Wengine wanakuna nazi, wengine wanafunga vitu kwenye majani ya migomba, na midomo haina likizo. Tasripah alikuwa kwenye jenang. Huo ni mchele wa kunata uliosagwa, tui na sukari ya mnazi, unakorogwa kwenye karai pana juu ya moto wa kuni kwa mwiko mrefu kama kasia, tangu asubuhi mpaka uwe mzito na mweusi, unang'aa. Mkono hausimami. Ukisimama kidogo tu, chini inashika, harufu ya kuungua inaingia kote, na jenang iliyoungua kwenye harusi watu watamsimulia binti huyo mpaka awe bibi. Ndiyo maana hukabidhiwa mwenye mikono ya kuaminika, na kila mwaka mikono hiyo ilikuwa ya Tasripah.

Alasiri mbele ya nyumba wakaanza kujaribu spika, kwa maana nyimbo huanza tangu mkesha wa harusi. Mara mlango wa jikoni ukajaa manukato. Titin Kenanga alikuwa amekuja kuwaomba radhi na baraka wanawake wa jikoni, jambo ambalo waimbaji wenye adabu hulifanya na wasio na adabu huliacha. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mnene kidogo, uso wa mtu mwema, amevaa kebaya, blauzi ya sherehe, ya kijani. Mkononi alishika kitambaa cha batiki kilichokunjwa.

"Samahanini mama zangu. Dada Tasripah ni yupi?"

Wakamwonyesha kwa midomo. Titin akaja mbio mpaka karibu na moto, akapiga magoti kwenye majivu na kebaya yake ile, akaushika mkono wa kushoto wa Tasripah, kwa maana wa kulia ulikuwa kwenye mwiko, akaubusu.

"Wifi! Nisamehe. Nimechelewa mno kuja kukuona. Mas Kasmuri kila siku ananiambia, subiri, subiri, dada yangu ana aibu, hapendi wageni. Nilipoambiwa kazi iko hapa kwenu nikasema Mungu mwenyewe kanileta. Sikumwambia, nimtie mshangao."

Mwiko ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi.

"Wifi," Tasripah akasema.

"Wifi yangu wa pekee. Yeye kaniambia yote. Kwamba wazazi walipofariki wewe ndiye uliyemlea, hukuolewa kwa ajili yake. Na yale maneno kwenye lori, kwamba uliyaandika wewe alipopata kazi. Nilipoyaona mara ya kwanza, amesimamisha lori mbele ya kibanda changu, nilicheka, nikauliza, nani kaandika Ludi? Akasema, dada yangu mkubwa, herufi hazijui lakini moyo anao. Nikalia, wallahi. Nikasema na mimi namngoja hivi hivi. Ndipo ukaja wimbo. Nikamwambia mtu wa kaseti, usibadilishe hata herufi moja, ndivyo alivyoandika wifi."

Akafungua kile kitambaa na kukiweka begani kwa Tasripah, akakinyoosha vizuri asije akakitia masizi.

"Na mpwa wako anakusalimu. Bagas. Nimemwacha kwa mama yangu. Amefuata shingo yako, sasa naona. Mas husema hivyo, mtoto huyu ana maringo ya shangazi yake."

Jikoni hakuna nazi iliyokunwa. Wanawake walikuwa wameduwaa, na kila mmoja alikuwa anamtazama Tasripah kwa macho ya mtu aliyeona jengo linainama. Tasripah naye hakuwatazama. Alimtafuta Kunarsih. Akamwona amesimama na kuni mkononi, karibu na mlango. Na Kunarsih hakuwa ameduwaa. Alikuwa anatazama chini, kama mumewe alivyotazama sandali zake. Mwiko ukasita. Kidogo tu. Moshi mwembamba ukatoka ukingoni mwa karai.

"Yu, inashika!" mmoja akapiga kelele, akanyoosha mikono. "Nipe mimi!"

"Toa mkono wako."

Akaukandamiza mwiko mpaka chini, akausukuma kwa mwili mzima, akaigeuza ile jenang kama mtu anayegeuza mtumbwi. Haikuungua.

"Kunarsih," akasema, bila kupaza sauti. "Tia kuni."

Kunarsih akafungua mdomo. "Yu, mimi nil..."

"Nimesema tia kuni."

Kisha akamgeukia Titin, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, anatabasamu huku ameanza kutojua anatabasamu kwa nini.

"Inuka, nguo yako itachafuka. Umekula?"

"Bado, Wifi."

"Nenda ukaimbe kwanza. Watu wanangoja."

Angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na wapo mpaka leo wanaomlaumu kwamba hakulisema. Lakini binti wa watu alikuwa chumbani anapakwa unga wa manjano usoni, na aliyekuwa amepiga magoti mbele yake aliletwa na ulimi wake yeye mwenyewe Tasripah. Na tena, afadhali afe kuliko kusimama jikoni kwa watu akilia mume.

Titin akaenda jukwaani. Aliimba mbili za kuwachangamsha watu, wakachangamka, vijana wakacheza, wazee wakatikisa vichwa. Halafu sauti yake ikaja kwenye spika mpaka nyuma ya nyumba: "Sasa ule mnaoungoja. Na leo nautoa kwa mwenyewe, aliyeliandika jina la wimbo kwa mkono wake. Wifi yangu, dada yake Mas wangu Kasmuri, yuko jikoni. Wifi, huu ni wako!"

Kinanda kikaanza.

Kijiji hakina mtu asiyejua Tasripah ni nani wa Kasmuri. Vijana waliokuwa wanacheza wakasimama mikono hewani, wakashusha mmoja mmoja. Bibi mmoja akavuta mtandio akaziba mdomo. Titin aliimba ubeti wa kwanza, akaimba kiitikio ambacho kila mahali watu humpokea, hakuna aliyempokea. Alikuwa mzoefu, akaendelea, lakini sauti ilianza kutafuta kitu. Akawa anatazama nyuso, moja baada ya moja, anauliza kwa macho. Kule nyuma Tasripah alisikia wimbo wake wote, mpaka yale maji ya kahawa yanayowekwa na kutolewa, na mkono wake ukaenda na kurudi kwa mdundo ule ule, kwa kuwa ndio uliokuwepo.

Wimbo ulipokwisha, Titin alishuka. Akaja tena jikoni, safari hii polepole. Manukato yalikuwa yamechanganyika na jasho.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Si umekwisha kuambiwa? Mimi dada yake."

"Yu, tafadhali." Hakusema tena wifi. "Niambie."

Tasripah akaivuta jenang kwa ncha ya mwiko, ikaning'inia bila kukatika. Ilikuwa tayari. Akakivua kile kitambaa begani, akakikunja kwa mikunjo ile ile kilichokuja nayo, akampa.

"Mpelekee mama yako, ndiye anayemlea mtoto."

Titin akakipokea. Alisimama pale akilia bila sauti, wanja unashuka, kisha akaenda kumalizia kazi aliyoitiwa, maana mwimbaji haachi harusi katikati. Chakula hakugusa.

Jioni wanawake walipokuwa wanaosha karai, Kunarsih akaja akachutama kando yake.

"Rasban ndiye aliyejua. Mimi aliniambia tu."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani ya kabla ya wimbo?"

Kunarsih akaanza kusugua karai lililokuwa limekwisha takata.

"Kwa hiyo kila jioni nilipokuletea ile kaseti," Tasripah akasema, "ulikuwa unakaa na mimi unamsikiliza."

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa na furaha mno, Yu. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo. Huo huo uliokuwa unakula nao pilipili zangu." Akasimama, akajifuta mikono. "Na wale wanaopiga honi? Bado unangoja, Yu? Wote?"

"Si wote."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko wifi, kuliko Bagas. Miaka yote amejibu utani jikoni kwake akidhani anacheka nao. Kumbe yeye ndiye alikuwa kichekesho cha barabara nzima, kimepakwa rangi ya manjano ili kisomeke kwa mbali.

Kasmuri alirudi mwezi wa mfungo ukiwa umekaribia kwisha. Titin alikuwa amekwisha kumfungia mlango Tuban, hilo lilijulikana kwa njia ya barabara, kama yote. Alisimamisha lori, akashuka kwa wasiwasi, akaingia uani akiwa amekwisha kuandaa uso wa kuomba. Alitegemea kelele. Alitegemea vyombo kurushwa, na kwa vyombo angekuwa na la kusema.

Tasripah alikuwa barazani. Akasimama, akatabasamu.

"Karibu, mdogo wangu. Safari njema?"

Kasmuri akabaki na mguu mmoja kwenye ngazi. "Tas..."

"Da Tasripah. Tangu lini unaniita kwa jina kavu, mimi niliyekulea?" Akamtandikia mkeka chumba cha mbele, wanakolala wageni. Wakati wa kufuturu akamletea kahawa kwenye bilauri za wageni, na vitafunio kwenye sahani ya wageni. "Kula, mdogo wangu. Umekonda."

"Acha mzaha, mke wangu. Nimekosa. Nipige, lakini acha hilo."

"Mke? Astaghfirullah. Kaka na dada? Majirani watasikia."

Na majirani walikuwa wanasikia, wamejipanga nyuma ya ukuta wa mianzi. Kasmuri akamleta Pak Modin, mzee wa msikiti anayefungisha ndoa, amzungumzishe. Pak Modin alikaa, akakohoa, akasema mke kumwita mumewe ndugu haipendezi. Tasripah akamwuliza kwa heshima, je, na mume aliyemwita mkewe dada mbele ya watu, akaoa kwa neno hilo, akazaa kwa neno hilo? Pak Modin akamgeukia Kasmuri. "Ulisema hivyo?" Kasmuri akainama. "Basi si neno la mchezo hilo," mzee akasema, akavaa sandali zake, akaenda.

Asubuhi, Kasmuri akiwa bado amelala kwenye mkeka wa wageni, Tasripah alikwenda barabarani kwa Pak Sarbini.

"Nimekuja kufuta."

Sarbini hakuuliza. Alikuwa mtu wa barabara, alijua. Alijua tangu lini, Tasripah hakutaka kusikia. Wakaenda pamoja mpaka kwenye lori. Mzee akachanganya buluu, akaishika brashi, kisha akamsogezea Tasripah. "Sheria ni sheria. Wewe uliandika."

Akapaka mwenyewe. Alianzia mwisho, NAKUNGOJA ikazama, kisha USILUDI, mwisho LUDI. Buluu tupu.

"Utaandika nini badala yake?" Sarbini akauliza.

"Hakuna. Atembee hivyo."

Na Kasmuri akatembea hivyo. Hakuweza kuandika lake, kwa sababu ubao ni wa nyumba ya dereva na nyumba ilikuwa haina la kusema. Kila kibanda aliposimama waliuliza, "Maneno yako wapi?" Kuanzia Lasem hata Surabaya, kila mtu aliyemfuata nyuma alisoma ule utupu. Wakaanza kumwita Buluu. Alivumilia mwaka mmoja na kitu, kisha akalirudisha lori kwa tajiri, akarudi kukwangua chumvi.

Wimbo haukufa. Titin bado anauimba, wanasema bila ile salamu ya mwanzo, na vijana wanaouchezesha leo hawajui ulitoka wapi. Harusi za kijiji hicho zikifika kwenye wimbo huo, mpiga kinanda hutazama kwanza kama Tasripah yupo. Akiwepo, yeye humwambia, "Piga, piga. Una woga gani?" Na kwa Kunarsih hujibu salamu, lakini kibandani kwake hajaketi tena, na jenang ya mtoto wa pili wa Kunarsih ilikorogwa na mwingine, ikaungua.

Kasmuri amezeeka chumba cha mbele. Anapikiwa, anafuliwa, akiugua anakandwa kwa mafuta na tangawizi kama ndugu anavyomkanda ndugu. Msimu uliopita, mvua imezuia chumvi, walikuwa wamekaa barazani wakitazama malori yanayopita na maandishi yao. Kasmuri akageuka, meno yake mazuri yamekwisha, akamwambia kwa sauti ndogo:

"Niite Mas. Mara moja tu. Hakuna mtu anayesikia."

Tasripah alikuwa anatazama barabara. Shingo ile ile.

"Kunywa kahawa, mdogo wangu," akasema. "Inapoa."